Kesi ya Ziwa la Mama

Nilipougua saratani ya titi, ukoo wa baba na ukoo wa mama walikubaliana jambo kwa mara ya kwanza tangu wazazi wangu waoane. Kabla ya hapo hawakuwahi kukubaliana hata kiasi cha chumvi kwenye mchuzi. Baba ni Mpare. Alishuka pwani kikazi akiwa kijana, akastaafu, akajenga Sofu hapa Kibaha, akaanza kufuga kuku. Mama ni Mzaramo wa Kisarawe, kule ndani kuelekea Maneromango, kwenye mihogo na mikorosho ya wazee wake. Kwao mama, mtoto anahesabiwa kwa mama: mimi ni wa kwao, mjomba ndiye mwenye neno juu yangu, na baba ni mgeni anayeheshimiwa. Kwao baba, mtoto ni wa baba, basi. Mama amekusaidia kufika tu. Wamegombania majina yetu, ndoa zetu, hata mahali pa kuwazika watu ambao bado wanakula na kushiba. Lakini daktari aliposema nina saratani, vidole vya pande zote mbili vilielekea kwa mama yangu.

Watu wa Kisarawe siwalaumu sana. Wao angalau walikuwa na msimamo: kama mtoto ni wa mama, basi na maradhi yake ni ya mama. Wapare wetu ndio walionishangaza. Urefu wangu, kwa maelezo yao, ulitoka kwao. Akili ya darasani ilitoka kwao. Pua ilitoka kwao, na meno, na huu ukaidi wangu ambao wanausifu nikiwa mbali na kuulaani nikiwa karibu. Katika mwili wangu mzima, kumbe, Kisarawe walichangia titi moja tu, la kushoto, lile lililoharibika.

Mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa shangazi, mdogo wa mwisho wa baba, anayeishi Kongowe na kuuza vitenge. Shangazi yangu huyu akikusalimia, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia. "Kwetu hatuna ugonjwa huo," alisema sebuleni kwetu siku alipokuja kunipa pole, pole yenyewe bado haijafika. "Ukoo wetu ni safi. Kwetu watu wanakufa kwa uzee."

Kwa faida ya msomaji naomba nieleze jinsi walivyokufa kwa uzee. Baba alikuwa na dada watatu. Wa kwanza alikufa akiwa na umri mdogo kuliko wangu wa leo, na sababu iliyotajwa ni kwamba alirogwa na mke mwenzie. Wa pili alimfuata miaka michache baadaye, naye kijana, na iliyotajwa ni huzuni ya kumpoteza dada yake. Wa tatu ndiye huyu wa vitenge. Huo ndio ukoo safi: uchawi na huzuni vimekula wawili kati ya watatu, na maradhi hayajawahi kupiga hodi.

Mimi nina duka la chakula na dawa za kuku hapo hapo Sofu, na wateja wangu wote walinitibu kwa mdomo. Nililetewa majani ya mstafeli hadi nikapata akiba ya kulisha mbuzi. Nilitumiwa video za mtu aliyevaa koti jeupe na kandambili, akieleza kwamba saratani inaogopa tangawizi. Jamaa mmoja anayeshindwa kutibu mdondo wa kuku wake mwaka baada ya mwaka alinishauri nikatae upasuaji, kwa sababu kisu "kinaiamsha". Nikamuuliza, ikiamka itakwenda wapi? Akaniongezea ushauri mwingine.

Nilikwenda hospitali kubwa mjini. Walichukua kipande kidogo cha nyama titini, wakakipima, wakaniwekea dripu zilizonimaliza nywele na ladha ya chakula, kisha wakalitoa titi. Niliogopa sana, na sitajifanya kwamba sikuogopa. Daktari wangu alikuwa mwanamke mdogo kwa umri kuliko mimi, mpole, mwenye haraka ya mtu anayeijua foleni iliyoko nje. Aliniambia kwamba zamani ugonjwa huu walikuwa wanautibu kama ugonjwa mmoja, sasa wanajua ni magonjwa mengi yanayokaa kwenye nyumba moja, na kila moja lina dawa yake. Kwa kuwa nilikuwa bado na umri mdogo, na aina yangu ilikuwa ya ile kali, alipendekeza nipimwe vinasaba. Kulikuwa na utafiti unaendelea na kipimo kilikuwa bure. Nikatoa damu, nikasahau, nikarudi kuuza pumba.

Majibu yalipotoka alinikalisha chini. Alisema kila mtu amepewa jeni ya kukarabati mwili, nakala mbili, moja kwa mama na moja kwa baba. Yangu mojawapo ilikuwa na hitilafu. Nimezaliwa nayo.

"Imetoka kwa mama au kwa baba," alisema. "Kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi."

"Kwa baba inawezekanaje, daktari? Baba ni mwanamume."

"Mwanamume anaibeba vilevile. Anaweza kuishi nayo hadi uzeeni bila kuugua, akamwachia binti yake. Na wanaume wengine wanaugua." Akaniuliza habari za upande wa baba. Nikamweleza: shangazi mmoja uchawi, shangazi wa pili huzuni. Akasema angependa sana kujua huo uchawi ulianzia sehemu gani ya mwili.

Nilirudi Sofu nikawaeleza kama nilivyoelezwa, neno kwa neno: ugonjwa huu ni wa kurithi, kwa mama au kwa baba. Habari ikasafiri. Ilipofika Kongowe kwa shangazi, "au kwa baba" ilikuwa imeshaanguka njiani. Ilipofika Kisarawe, tayari mjomba ameshapanga siku ya kikao.

Nilikodiwa gari kwa sababu nilikuwa bado dhaifu, tukapita Mlandizi na kuingia ile barabara ya vumbi hadi kwa wazee. Ukoo wa baba ulileta wajumbe wawili. Baba mkubwa alitoka Morogoro kwa treni ya umeme, akashukia Soga, na kwa saa nzima kikao hakikuweza kuanza kwa sababu alikuwa bado anatueleza jinsi chai yake ilivyotulia kwenye kikombe. Mjumbe wa pili alikuwa shangazi. Yeye hunikumbatia mpaka mbavu zinalia, lakini siku hiyo alinipa mkono tu, akasema amelala vibaya, bega linamuuma. Baba mwenyewe alikuja, akakaa kwenye kona ya mkeka, akatafuta kitu cha kutazama kwenye paa.

Upande wa mama alikuwepo mjomba, na bibi mmoja mkongwe, dada wa marehemu bibi yangu, ambaye ndiye kungwi wa familia. Huyu bibi kawafunda na kuwacheza wali wote wa ukoo ule, na anakumbuka nani alivunja mwiko gani tangu enzi ambazo hata Kisarawe yenyewe haizikumbuki. Aliombwa atafute kosa. Hakuchelewa kulipata. Alisema marehemu bibi yangu alipokuwa mwali, amewekwa ndani, alitoka uani mchana akanyeshewa na mvua kifuani. Hakuliungama lile jambo. Akamzaa mama, akamnyonyesha, mama akaninyonyesha mimi, na mvua ile imefika.

Nilitegemea Wapare wangu watacheka. Wao ni watu wa shule, hawaamini mizimu ya Kizaramo, wakipita karibu na mizimu wanaongeza mwendo. Baba mkubwa alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesomewa taarifa ya kitaalamu. Shangazi akasema, "Si niliwaambia?" Mvua ya Kisarawe walikuwa tayari kuiamini, mradi isinyeshe Upareni.

Nikasema, "Daktari alisema mama au baba."

"Daktari wako kakuambia kwa Kizungu," alisema shangazi. "Baba yako atakupaje ugonjwa wa ziwa? Alikunyonyesha?"

Kikao kizima kilicheka, na bibi kungwi alicheka kuliko wote. Mama hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua ncha ya kanga.

Hukumu ikatoka: mama aende kaburini kwa mama yake, akamwombee radhi na yeye mwenyewe aombe radhi kwa ziwa alilonipa. Ukoo ule wote wanaswali, tena swala tano, lakini kaburi la bibi lina utaratibu wake na hakuna anayeuliza. Mama alipewa unga uliokorogwa na maji kwenye kifuu. Akapiga magoti kwenye majani makavu ya mkorosho, mwanamke mtu mzima mwenye magoti mabovu, akanyunyiza unga, akaomba msamaha kwa mama yake kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona. Shangazi alisimama nyuma yake kama askari wa zamu, mkono mmoja ameubana kwapani.

Baadaye tulikula pilau. Lilikuwa pilau zuri.

Tuliporudi Sofu, mama aliingia chumbani kwangu, akakaa kwenye ncha ya kitanda. Alisema, "Nisamehe, mwanangu. Sikujua kama nilikuwa nakunyonyesha maradhi." Nikamwambia mama, haikupita kwenye maziwa, haina uhusiano na kunyonya. Akasema, "Basi nisamehe kwa vyovyote ilivyopita." Nilikasirika. Nimechomwa sindano nyingi na kukatwa kisu, lakini hakuna kilichoniuma kama kumsikia mama yangu ananiomba radhi kwa kunizaa.

Ingeweza kuishia hapo. Mama angebeba hilo kosa hadi kufa, nao wangeendelea kulala usingizi. Kilichoniamsha ni binti wa shangazi, msichana wa chuo, mwanawe wa pekee. Alikuja dukani akajifanya anauliza bei ya vitamini ya vifaranga. Nikamwambia wewe na mama yako hamna hata yai. Akaanza kulia.

"Dada, mama ana kitu ziwani. Muda sasa. Anabandika mstafeli. Mkono wenyewe umeanza kuvimba."

"Hospitali?"

"Hataki kusikia. Anasema ni jipu. Anasema kwao hakuna ugonjwa huo, na akionekana kwenye ile foleni atakuwa amewapa watu wa Kisarawe cha kusema."

Nikaelewa lile bega lililolala vibaya. Nilitaka kumchukia shangazi, na kwa dakika chache nilifanikiwa. Lakini nilikuwa naijua ile foleni, na nilikuwa naujua mkono unaovimba maana yake. Kadiri ziwa la mama lilivyobaki na hatia, ndivyo shangazi alivyokuwa na sababu ya kukaa na jipu lake. Hesabu ilikuwa hiyo, na ilikuwa inakwenda mbio.

Shangazi anamsikiliza mtu mmoja duniani, naye ni kaka yake, baba yangu. Nikamwendea baba bandani. Nikamweleza. Alikuwa anamkagua jogoo, amemgeuza miguu juu.

"Dada yangu ana jipu," alisema. "Damu yetu haina hayo mambo. Mama yako mwenyewe amekubali kosa, wewe unataka nini tena?"

Sasa hapa nieleze kuhusu baba na majogoo. Baba yangu ni mtaalamu wa mbegu. Mteja akija kununua vifaranga vya chotara haondoki bila kuhubiriwa: usitazame mtetea, tazama jogoo. Ubaya wote na uzuri wote umo kwa jogoo. Mwaka juzi vifaranga vilianguliwa vidole vimepinda. Baba hakuuliza mitetea hata swali moja. Alimkamata jogoo akamchinja siku hiyo hiyo, na alipokuwa anamla alisema, "Mhalifu huyu."

Niliporudi ndani nikamwambia mama kwamba hospitali wako tayari kumpima na yeye, bure, kwa sababu mimi tayari nimeonekana nina hitilafu. Nilidhani atasita. Mama alifuta mikono kwenye kanga. "Kama ni langu, niambiwe kwa kipimo," alisema. "Unga nimeshamwaga."

Siku ya kutoa damu alijipamba kama anakwenda arusini: hina, udi, kitenge kipya ambacho hakukinunua kwa shangazi. Alimwambia daktari, "Mwanangu, chukua yote, mimi sina la kuficha." Daktari alichukua kichupa kimoja. Mama aliona kidogo, akajisikia kama amedharauliwa.

Tukangoja. Sitadanganya kwamba nilingoja kwa subira. Kila nilipopita Kongowe nilimwona shangazi kwenye kibanda chake, anapima vitenge kwa mkono mmoja, anacheka na wateja. Binti yake alinitumia ujumbe: leo kashindwa kufunga kilemba. Nikampigia shangazi. Akanipa salamu nyingi nimpelekee mama na kuniuliza kama mvua imeacha.

Majibu ya mama yalikuwa safi. Daktari aliyasema mara moja, mama akamwomba ayaseme tena, polepole, akayaomba mara ya tatu kwa sauti kubwa ili na yule muuguzi aliyekuwa anapita mlangoni asikie. "Huna hitilafu hiyo, mama," alisema daktari. "Haikutoka kwako. Sasa tunamhitaji mzee, na dada zake kama wapo hai."

"Yupo mmoja," mama alisema. "Kwa sasa."

Tulipokaribia Sofu mama alisema, bila kunitazama, "Baba yako leo yuko bandani?" Nikasema yupo. Akasema vizuri.

Alimkuta anapanga vyombo vya maji. Alimsalimia, akampa pole ya kazi, akaokota chombo kimoja akakisafisha kabla ya kusema neno.

"Mzee, wale vifaranga wa vidole. Ulimfanya nini jogoo?"

"Nilimchinja. Kwani kuna wengine?"

"Na mitetea?"

"Mitetea ina kosa gani?" alisema baba, akishangaa mtu ameishi naye miaka yote hiyo na bado anauliza maswali ya kitoto.

"Haya," mama alisema. "Mimi nimepimwa. Sina kosa."

Nimemwona baba akifokea watu, nimemwona akiswali, nimemwona akilia msibani. Sikuwahi kumwona akijitetea mbele ya mama. Alisema, "Kuku ni kuku." Kisha akasema, "Vipimo navyo vinakosea." Kisha akakaa kwenye mfuko wa pumba, na vumbi lake likampaka suruali nzima.

Alipozungumza tena alikuwa hazungumzi na sisi. Alisema dada yake mkubwa hakurogwa. Lilikuwa ziwa. Lilipasuka. Yeye ndiye aliyekuwa anamwosha kidonda, kwa sababu wanawake wa nyumbani walikuwa hawaiwezi ile harufu, na yeye alikuwa kijana tu. Wa pili vilevile, ila huyo alikwenda haraka. Wazee wakakaa, wakasema itajwe kurogwa na itajwe huzuni, wasichana wengine wa ukoo wasije wakakosa waume. Dada yake mdogo alikuwa mtoto, akakuzwa na hiyo hadithi.

"Ulijua," nilisema. "Kule Kisarawe ulikaa mkekani ukamwangalia mama anapiga magoti, na ulijua."

"Nilikuwa nimeshaamini ile nyingine," baba alisema. "Ukiisema sana unaiamini."

Sikuwa na huruma naye wakati ule, na sitajitia huruma sasa. Mama alikwenda ndani akamletea shati safi.

Baba alivaa, tukaenda Kongowe wote watatu. Shangazi alikuwa nyumbani, amejifunga kanga mbili juu ya gauni na joto lile. Baba aliingia naye chumbani. Mimi, mama na binti tulibaki sebuleni tunatazama televisheni iliyozimwa, na kwa kuwa nyumba za kwetu kuta zake hazifiki juu, tulisikia kila kitu.

"Nimekuja kukuambia dada alikufa na nini."

"Alirogwa!"

"Kidonda nilikiosha mimi."

"Alirogwa, kaka. Mama alisema alirogwa."

"Nilikiosha kwa maji ya chumvi, kila asubuhi. Kilikuwa hapa. Na wewe ulichobandika majani kiko wapi?"

Tukamsikia shangazi analia, na kilio chake nacho jirani wa nyumba ya tatu lazima alikisikia. Mama alinyanyuka, akafungua mlango bila kubisha. Nilipochungulia alikuwa ameshamkalisha kitandani na anambandua yale majani moja moja, taratibu, kwa maji ya uvuguvugu, huku shangazi amegeuzia uso ukutani.

Tulipompeleka hospitali, saratani ilikuwa imefika kwapani, lakini daktari alisema haijaenda mbali zaidi ya hapo. Angechelewa kidogo tungezungumza mengine. Walianza na dripu ili uvimbe upungue, ndipo upasuaji, kisha mionzi. Kipimo cha vinasaba kikaonyesha hitilafu ile ile yangu, mahali pale pale. Baba naye anayo. Anatembea nayo huko bandani, mzima kabisa, anahubiri. Siku hizi mteja akiuliza habari za jogoo, anamwambia atazame pande zote mbili. Binti wa shangazi hana, na alipoambiwa alikaa chini kwenye korido akalia. Kaka zangu wawili wamekataa kupimwa. Wanasema hayo ni mambo ya wanawake, na ninawatakia kila la heri na ujinga wao.

Daktari alitueleza pia kwamba siku hizi kuna vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye hitilafu kama yetu, vinavyoiwinda saratani palepale jeni iliposhindwa kukarabati. Shangazi akauliza viko wapi. Daktari akasema vipo. Shangazi akauliza tena, viko wapi? Daktari akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kujibu swali hilo, kwamba duniani vipo, hapa tunaendelea kuviomba.

Msidhani shangazi alinyenyekea. Wodini alishika usukani. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alipomwambia kwamba ugonjwa wake umetokana na mawazo, shangazi alimtazama kwa huruma. "Wangu ni wa ukoo," alisema. "Wa Upareni. Ni wa nadra, hata daktari anaufanyia utafiti." Ugonjwa ambao kwao haukuwahi kuwepo sasa ulikuwa fahari ya kwao, na ole wake mtu wa Kisarawe atakayeudai.

Lakini kuna jambo moja lilikuwa halijasemwa. Kumtia mama hatiani kulihitaji kikao, gari la kukodi, treni ya umeme na pilau. Kumwondolea hatia kulihitaji ujumbe mmoja wa simu kutoka kwa baba mkubwa: "Taarifa tumeipata. Tuzidi kuombeana." Mjomba alisema bibi kungwi amezeeka, tusimsumbue tena na mambo ya mvua. Mama hakudai. Alikuwa anapika uji wa shangazi, anaupeleka hospitali, anarudi.

Shangazi aliporuhusiwa kutembea alikuja Sofu. Alishuka kwenye bajaji, kichwa hakina unywele chini ya mtandio, upande mmoja wa kifua umelala, na mkononi amebeba jogoo mkubwa mwekundu aliyefungwa miguu. Alimpa mama bila kumtazama. "Wifi, nimekuletea huyu. Kwa ajili ya yale ya siku zile."

Mama alimpokea jogoo, akamgeuza, akamkagua vidole kimoja kimoja. "Wifi," alisema, "mbegu ya kwenu siichanganyi tena na kuku wangu." Wakacheka wote wawili hadi shangazi akashika mshono. Mama ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Huyu hatumchinji hapa," alisema. "Mimi nilimpigia magoti mama yangu marehemu kwa kosa lisilo lake. Tutamchinja kule kaburini."

Basi tukarudi Kisarawe, safari hii bila wajumbe na bila mwenyekiti. Baba alimshika jogoo, mjomba akachinja, na hakuna aliyesema neno kuhusu mvua. Shangazi hakuambiwa la kufanya. Alimpa binti yake mkoba, akajishika kwenye shina la mkorosho kwa ule mkono mzima, akashuka chini polepole mbele ya kaburi la bibi, goti moja, kisha la pili.

"Bi mkubwa," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia shangazi akiongea chini chini. "Ziwa lako halikuwa na kosa. Lilikuwa letu. Na mwanao ndiye anayeniosha."

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, pale pale shangazi aliposimama siku ile. Alilia bila kujificha, machozi yanamtiririka hadi shingoni, na hakuyafuta. Kisha akainama akamshika shangazi kwapani upande usiouma. "Inuka, wifi," alisema. "Mshono bado mbichi huo."